Jibu: King'ora cha nyumba Mji Mkongwe, kinataka kibali?

Waalaikumu salaam ndugu yangu. Umeuliza kama king'ora cha wezi kwenye nyumba ya Mji Mkongwe kinataka kibali. Hayo uliyoyasoma kuhusu kibali ni ya miji mingi ya Marekani: kule king'ora huita polisi, na wakija bure mara kwa mara mwenye nyumba hupigwa faini.

Hapa Zanzibar angalia ukuta kwanza. Mji ni Urithi wa Dunia tangu 2000, basi kabla fundi hajatoboa upande wa njiani, pita Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe ukaulize. Changu nilikifunga ndani, sikugusa nje.

Sheha, yaani kiongozi wa mtaa, nilimwambia, na majirani pia. Bora nilifanya hivyo, maana paka alikiliza saa nane usiku!