Shuka kwenye basi: namna ya kuyatazama majengo ya kisasa ya Winnipeg

Katika mwaka wangu wa kwanza Winnipeg, mji wa Kanada, niliyatazama majengo ya katikati ya karne ya 20 kupitia dirisha la basi, nikayaona makavu na yasiyo na chochote cha kumvutia mtu aliyekulia Mombasa, ambako hata mlango wa nyumba huchongwa maua. Kwa sababu ya kosa hilo, kila mgeni anayenitembelea humshauri ashuke, aukaribie ukuta na auguse.

Anza na jiwe. Majengo mengi ya enzi ile yamevikwa jiwe la Tyndall, jiwe la chokaa linalochimbwa Garson, kaskazini-mashariki mwa mji, na ukilikaribia utaona madoa ya kahawia pamoja na visukuku vya konokono na matumbawe vya bahari iliyolifunika eneo hili takriban miaka milioni 450 iliyopita. Sisi tuliozoea kuta za matumbawe za miji ya kale ya Pwani hatupaswi kuliona jiwe hilo kuwa geni, ingawa mimi ilinichukua majira mazima ya baridi kulitambua.

Kisha tembea Memorial Boulevard kutoka Jengo la Bunge la jimbo la Manitoba, lililokamilika mwaka 1920, kuelekea lililokuwa duka la Hudson's Bay la mwaka 1926. Kati yake lipo Jumba la Sanaa la Winnipeg, lililofunguliwa mwaka 1971, kazi ya Gustavo da Roza, msanifu mzaliwa wa Hong Kong. Yote matatu ni ya jiwe hilohilo. Kwa kuwa macho yako yatakuwa yametoka kwenye nguzo na kuba la Bunge, utaelewa vyema alichokifanya da Roza: aliondoa nakshi zote, akaliacha jiwe lenyewe liseme, na ncha ya jengo ikaelekea kaskazini kama omo ya jahazi.

Kwa kanisa la Precious Blood, mtaa wa St. Boniface, tenga saa nzima. Étienne Gaboury alilijenga mwaka 1968 kwa paa linalojizungusha likipanda juu, umbo linalokumbusha hema za ngozi za wenyeji wa nyanda hizi, na ndani maboriti ya mbao yanakutana juu, penye mwanga. Omba ruhusa, keti, nyamaza. Napendelea asubuhi ya jua wakati wa theluji.

Usiahirishe safari hii. Jengo la abiria la uwanja wa ndege la mwaka 1964 lilibomolewa mwaka 2012, na makao ya zamani ya polisi ya mwaka 1966, ambayo mawe yake ya nje yalikuwa yamechakaa, yalianza kubomolewa mwaka 2020. Hayo ya pili niliyapita mara nyingi nikijiambia kwamba nitarudi na kamera. Picha niliyobaki nayo ni moja, niliyoipiga kutoka ndani ya basi.