Kabla ya kamera ya tatu, zamisha fimbo

"Shikamoo kocha. Nina kamera mbili za chini ya maji, nataka kuchambua mikono ya vijana wangu wanapoogelea, kwa vipimo vitatu (3D). Ninunue ya tatu?" Ujumbe huo ulinifikia wiki iliyopita, nikakaa nao siku mbili. Umegusa panaponiuma.

Nilikuwa na binti wa miaka 14, mita 100 mtindo huru. Nikazamisha kamera mbili na kizimba cha mabomba ya plastiki chenye alama nilizozipima kwa futi kamba. Nikafuata njia ya DLT (Direct Linear Transformation), ya watafiti Abdel-Aziz na Karara, 1971: ukiwa na alama 6 au zaidi ambazo mahali pake panajulikana, kompyuta hukokotoa vigezo 11 vya kila kamera, na kiungo kinachoonwa na kamera zote mbili hupata mahali pake. Mchoro ulitoka safi kabisa. Kiwiko cha kushoto kinashuka anapovuta maji! Nikambadilishia namna ya kuvuta mkono. Miezi mitatu baadaye muda wake umeharibika, bega linauma, na mama yake ananiuliza mbele ya wazazi wenzake, "Kocha, ulikuwa na uhakika?"

Nikajibu ndiyo. Sikuwa nao.

Usiku ule nilirudi bwawani na fimbo yenye alama mbili, sentimita 50 kamili kati yake, nikaipitisha kila mahali. Ndani ya kizimba ilisomeka 49.7. Mbele yake, pale mkono wa kushoto ulipokuwa ukiingia majini, ikasomeka 46. Kizimba changu kilikuwa cha mita 1, na binti yule kwa mzunguko mmoja wa mikono alisogea karibu mita 2. Mwanga hupinda ukitoka majini kupita kioo bapa cha kasha la kamera, lakini DLT huuhesabu kama umenyooka. Ndani ya kizimba hesabu hujirekebisha kiasi. Nje yake huna kinga.

Basi mwenzangu, anza na fimbo. Jenga kizimba kinachomeza mzunguko mzima wa mkono. Washa taa moja inayoonekana na kamera zote ili upate pa kuzilinganisha kwa wakati: kwa picha 50 kwa sekunde, kupishana picha moja tu, huku mkono ukienda mita 2 kwa sekunde, ni kosa la sentimita 4. Mapovu yakificha kifundo cha mkono, usikisie. Ruka picha hizo. Weka alama za viungo mara mbili, siku tofauti, uone mkono wako mwenyewe unatofautiana kiasi gani. Na fimbo uirudie kila unaposogeza kamera. Bega la mtoto si mahali pa kujaribia programu, na sisi makocha tunapenda mno kuamini kioo cha kompyuta kuliko mtoto anayesema "panauma".

Binti yule yuko kwa kocha mwingine sasa, na mkono wake wa zamani. Mwezi uliopita nilimtumia mama yake vipimo vya fimbo kwenye kizimba kipya cha mita 3, vyote kati ya 49.6 na 50.3, pamoja na jibu sahihi la swali lake. Akaandika, "Nimeona, kocha."