Barua za madijei wa wikiendi: mikono inayotetemeka, besi inayochelewa na flashi isiyosomeka

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wenye kazi zao za kila siku, ambao Jumamosi hubeba kontrola (meza ndogo ya DJ inayochomekwa kwenye laptopu) na kwenda kupiga muziki kwenye sendofu, kipaimara au baa ya mtaani. Tumezifupisha, na zinazofanana tumeziunganisha.

Shikamooni. Nyumbani namiksi saa mbili bila kukosea. Nikipewa nafasi ukumbini mikono inatetemeka, na dakika kumi za kwanza naharibu kila kitu. Nifanye nini hofu iishe? (Msomaji, Mwanza)

Marahaba. Usisubiri iishe. Hata madijei wanaolipwa hushikwa na tumbo joto kabla ya kuanza. Unachoweza kufanya ni kuinyima hofu kitu cha kuharibu. Mkono unaotetemeka hushindwa kazi ndogondogo: kugusa sahani kwa wepesi, kusogeza slaida ya tempo milimita moja, kusaka wimbo kwenye orodha ya nyimbo 2,000. Basi panga dakika zako kumi za kwanza zisiwe na kazi hizo.

Nyimbo tatu za kufungulia zichague ukiwa nyumbani na usizibadilishe ukifika. Tempo zao zisipishane zaidi ya BPM 3 (biti, yaani mapigo, kwa dakika), na kila moja iwe na mwanzo wa ngoma tupu usiopungua biti 32. Weka alama ya hot cue (kitufe cha kurukia mahali ulipopachagua kwenye wimbo) kwenye biti ya kwanza kabisa, na nyingine mahali mwimbaji anaponyamaza kuelekea mwisho. Miunganiko hiyo miwili irudie mpaka uweze kuifanya huku unaongea na mtu. Hilo ndilo jaribio la kweli, kwa sababu ukumbini hakosi mtu wa kukuinamia sikioni wakati huohuo. Wimbo wa nne uwe na chaguo mbili tu: mmoja wa watu walioketi, mwingine wa watu walioinuka.

Krosifeda, ile slaida ya mlalo ya kuhama wimbo hadi wimbo, iweke kwenye THRU (isifanye kazi) ili ukiigusa kwa bahati mbaya isikate muziki, ufanye kazi kwa slaida za wima peke yake. Unapozungusha vitufe, kiganja kiegemee mwili wa kontrola, usikiache kikielea. Efekti ziache kwanza. Tempo nayo isome kwenye skrini, usiikadirie: moyo ukienda mbio, wimbo wa BPM 112 unausikia kama unajikokota, na mkono unaanza kuupandisha wenyewe.

Kula saa mbili kabla. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viache hadi umalize, maana vinazidisha kutetemeka. Bia inakupa ujasiri huku ikikupunguzia wepesi wa kusikia kosa, biashara mbaya hiyo. Kwa dakika tatu vuta pumzi kwa hesabu ya nne na uitoe kwa hesabu ya sita. Halafu nenda msalani. Zamu ya saa mbili haina mapumziko, na kila DJ mwenye akili ana wimbo au mbili za dakika nane na zaidi kwa ajili ya dharura hiyo. Rumba ya zamani haijawahi kumtupa mtu.

Asalaam aleikum. Kwenye hedifoni biti zimekaa sawa kabisa, nikipandisha wimbo wa pili ukumbini zinasikika mbilimbili. Programu ina kasoro? (Msomaji, Mombasa)

Waaleikum salaam. Programu haina kosa, tatizo ni umbali. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, yaani kila mita moja inakula karibu milisekunde tatu. Spika zikiwa mita 12 kutoka ulipo, unausikia ukumbi kwa kuchelewa milisekunde 35, ilhali hedifoni hazichelewi. Sasa fuata kinachotokea: unasawazisha wimbo mpya wa kwenye hedifoni na ule wa ukumbini uliokwisha kuchelewa. Ukiupandisha, wimbo mpya nao uko nyuma milisekunde 35 za kweli, na sikio linasikia ngoma ikipigwa mara mbili. Nyumbani spika ziko mita moja tu mbele yako, kwa hiyo kosa hilo hulijui.

Dawa ya kwanza ni spika ya DJ, ikae mita moja hadi moja na nusu kutoka sikioni, ikielekezwa kwako. Mwambie fundi mitambo mapema, siku ya tukio atakuambia zimekwisha. Kama haipo, vaa hedifoni masikio yote mawili, kitufe cha CUE/MIX kiweke katikati, usikilize nyimbo zote mbili humo humo. Ukumbi uusahau kwa sekunde hizo. Ukishapandisha, ndipo uvue sikio moja. Na spika ya Bluetooth usiifanye ya kusikilizia hata kwa kuazima, ucheleweshaji wake hupita milisekunde 100 bila shida.

Kuna mtego mwingine wa hapohapo. Mara nyingi meza ya DJ huwekwa nyuma ya spika. Besi huenea pande zote lakini sauti kali huenda mbele, kwa hiyo ukiwa nyuma unasikia mvumo tu, unaongeza HIGH, na wageni wa meza za mbele wanaziba masikio. Wimbo wako wa kwanza ukiwa wa dakika sita, shuka ukasimame katikati ya ukumbi nusu dakika. Kumbuka pia ukumbi mtupu wa sakafu ya simenti na paa la bati unavuma kuliko utakavyovuma watu wakijaa, maana miili na nguo hunyonya sauti. Ulichorekebisha saa kumi jioni kitahitaji kuguswa tena saa tatu usiku.

Nilialikwa kupiga nusu saa kwenye klabu yenye CDJ (mashine za DJ zinazosoma flashi). Flashi yangu ya GB 128 haikusomeka kabisa. (Msomaji, Dodoma)

Kwa ukubwa huo, huenda ilikuwa imefomatiwa exFAT au NTFS, mifumo ya kupanga mafaili kwenye flashi. CDJ nyingi zilizoko kwenye klabu husoma mfumo wa FAT32, na kwa miaka mingi Windows ilikataa kufomati FAT32 zaidi ya GB 32 kwa njia ya kawaida. Nunua flashi mbili za GB 32. MP3 ya 320 kbps yenye dakika nne ina karibu MB 10, hivyo kila moja inabeba nyimbo zaidi ya 3,000, na hutazipiga zote. Zipitishe kwenye programu ya rekordbox na uzitoe kwa EXPORT. Ukiburuta mafaili tu, CDJ itayapiga lakini alama zako, gridi (mistari inayoonyesha biti zilipo) na orodha hazitakuwepo. FLAC, aina nyingine ya faili la muziki, nayo ni ya kuangalia: CDJ-2000NXS ya 2012 haiisomi, NXS2 ya 2016 inaisoma. Usipojua utakuta mashine gani, beba MP3.

Usiichomoe flashi ghafla. Bonyeza USB STOP na ushikilie mpaka taa izime, la sivyo unaweza kuharibu data yote, na kama mashine zimeunganishwa kwa waya wa mtandao unaweza kumkatia muziki mwenzako aliyeko upande wa pili.

Natoka amapiano kwenda singeli, watu wanaganda. Na zile nyimbo za dansi za zamani SYNC (kitufe cha kusawazisha biti chenyewe) haizishiki kabisa. Nina kasoro wapi? (Msomaji, Temeke)

Haya ni maswali mawili yenye mzizi mmoja, kwa hiyo tuyachambue taratibu.

Amapiano hukaa karibu na BPM 112. Singeli huanzia kama 200 na kupanda kuelekea 300. Ukiziangalia kama namba mbili unaona ukuta, lakini 112 mara mbili ni 224, na singeli nyingi ziko maeneo hayo. Programu mara nyingi huiandika singeli ya 220 kama 110, na hapo haikukosea, imekupa nusu yake. Chagua singeli ya 220 hadi 228 na biti zitakubaliana. Watu hawagandi kwa sababu ya hesabu, wanaganda kwa sababu mwili haukupewa taarifa. Chukua biti nne za mwisho za amapiano uzifanye lupu (kipande kinachojirudia), ikate iwe mbili, kisha moja, kisha nusu, huku ukipunguza LOW (kitufe cha besi). Ile lupu ya nusu biti inagonga kwa mwendo wa singeli tayari. Ifungulie singeli kwenye biti ya kwanza ya fungu jipya, LOW ya wimbo mpya ikiwa wazi na ya zamani imefungwa. Besi mbili kwa pamoja ni matope. Baada ya singeli tatu au nne shusha. Nusu saa ya singeli mfululizo huwaacha vijana peke yao uwanjani, na akina mama waliokuja kwenye sherehe hawarudi tena.

Dansi ni jambo jingine. Rekodi za Radio Tanzania za miaka ya 1970 na 1980 zilipigwa na bendi nzima kwa pamoja, bila mashine ya kuwapimia mwendo. Wimbo unaweza kuanza BPM 118 na kumaliza 124, kwa sababu wakifika kwenye chemko, ile sehemu ya kuchezea, wapigaji wanapata moto. Gridi iliyonyooka haiwezi kuufuata mwendo huo, kwa hiyo zima SYNC na usijaribu kuunganisha taratibu kwa biti 32. Toka kwa mwangwi: washa efekti ya ECHO ya biti moja, shusha slaida, na wimbo mpya uanze mwangwi unapofifia. Alama yako iweke pale chemko inapoanza, maana katika wimbo wa dakika tisa ndiko wachezaji wanakosubiri. Ila mbele ya wazee acha ubeti upigwe, wao wanaufuata ubeti.

Laptopu iliganda, ukumbi ukawa kimya dakika mbili. Sitaki tena. (Msomaji, Nakuru)

Shusha MASTER kwanza kabla hujagusa waya wowote, ili spika zisipige mlio wa kupasuka. Halafu mpe ishara fundi mitambo apandishe sauti ya simu yako. Simu hiyo iwe imeandaliwa: miksi ya saa moja iliyohifadhiwa ndani, hali ya ndegeni, na waya wa milimita 3.5 kwenda RCA mbili uliokwisha chomekwa. Kontrola ndogo kama DDJ-400 hazina tundu la kuingizia simu, kwa hiyo omba chaneli mbili za ziada kwenye mikisa ya ukumbi. Ukishasikia muziki, washa laptopu upya bila haraka.

Ili isijirudie: zima Wi-Fi, masasisho na usingizi wa laptopu, na kwenye Windows zima ile mipangilio ya kuokoa umeme wa USB. Kontrola ichomekwe moja kwa moja bila hab. Ukisikia mchakachaka, ongeza bafa (akiba ya sauti ambayo programu huandaa mbele) hadi sampuli 512. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, ni milisekunde 12 tu. Na ukisikia mvumo wa umeme, chomoa chaja uone kama unakoma. Ukikoma, tumia soketi moja na mitambo au weka DI boksi (kisanduku kinachozuia mvumo huo) katikati. Pini ya ethi usiikate kamwe, inaweza kuua mtu.

MC ananiamuru kila kitu. Nimsikilize? (Msomaji, Morogoro)

Kwenye harusi, ndiyo. Ratiba ni yake. Keti naye mapema, uandike kuingia kwa maharusi, keki, zawadi na kufungua muziki, kisha faili ziwe 01, 02, 03 kwa mpangilio huo. Akishika maiki, shusha muziki usikike kwa mbali, usiukate. Nyimbo za kuombwa na wageni mkubaliane zipitie kwake.

Masikio yanalia mpaka kesho yake. Ni kawaida? (Msomaji, Kigoma)

Ni kawaida kwa maana ya kwamba wengi wanayo, si kwa maana ya kwamba ni salama. Kipimo cha usalama kazini kinachotumiwa sana ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka tatu muda unakatwa nusu: 94 ni saa moja, 100 ni dakika 15. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka desibeli 100 kuwa kikomo cha wastani kwa kumbi za burudani. Vaa vizibo vya masikio vyenye chujio vinavyopunguza desibeli 15 hadi 20; vile vya sponji hukata sauti kali kuliko besi na vitakufanya uongeze HIGH bure. Kwenye hedifoni sikiliza biti nane, vua. Na ukiona unazipandisha kila baada ya nusu saa, shusha spika yako ya DJ kwanza. Mlio ukipita siku mbili, nenda kwa daktari wa masikio.