Jibu: Seli za MDCK (seli za figo ya mbwa zinazokuzwa maabara) hazivuti betaini (molekuli ndogo inayosaidia seli kushika maji) baada ya kuongezewa urea
Mkuu, umepandisha osmolaliti (wingi wa vitu vilivyoyeyuka kwenye maji) kutoka 300 hadi 500 mOsm/kg kwa urea, na uingizaji wa betaini haujaongezeka. Shida ni urea yenyewe: hupenya utando ikalingana ndani na nje, hivyo seli haibaki imesinyaa. Badala yake weka chumvi, milimoli 100 za NaCl kwa lita. Seli ikisinyaa, TonEBP, protini inayowasha jeni, huamsha jeni za BGT1 na SMIT, protini za utando zinazoingiza betaini na inositoli zikitumia msukumo wa sodiamu inayoingia. Subiri saa 24, maana protini mpya lazima zitengenezwe. Kutoka kwa betaini ni haraka mno: ukiosha kwa bafa (mmumunyo wa kuoshea) ya 300, seli huvimba, njia za utando hufunguka na betaini humwagika ndani ya dakika chache. Osha kwa bafa baridi ya 500 ileile.