Usingoje Sikio Liume Ndani ya Chemba ya Oksijeni

Msomaji mmoja kaniandikia: kidonda cha mguu kutokana na kisukari kimemfikisha kwenye tiba ya oksijeni ya presha kubwa, yaani kupumua oksijeni ndani ya chemba iliyofungwa ambamo presha ya hewa hupandishwa, na anachoogopa ni masikio. Dada yangu, hofu yako ina msingi. Katika tiba hii, masikio ndiyo yanayoumia mara nyingi zaidi.

Mimi nilipelekwa kwa sababu ya mfupa wa taya ulioharibiwa na mionzi. Niruhusu nijisifu kidogo: nilimaliza vikao vyote ngoma za masikio zikiwa salama, huku wenzangu wengine wakitobolewa ngoma na kuwekewa mirija midogo ya kupitisha hewa. Sikungoja maumivu, basi. Presha ikianza tu kupanda nameza mate, napiga miayo ya uongo, nabana pua na kumeza tena. Taya liliniuma, lakini nilimeza. Kubana pua na kupuliza nako kunasaidia, ila kwa upole. Ukipuliza kwa nguvu unaweza kuumiza sikio la ndani, na huko si kwa kuchezea.

Kazi kubwa iko mwanzoni. Presha ikitoka angahewa 1, yaani presha ya kawaida ya hewa, hadi 2, hewa iliyo nyuma ya ngoma hubaki nusu ya ujazo wake, na ngoma huvutwa ndani. Mrija unaounganisha sikio na koo hufunguka unapomeza. Ukichelewa, presha huubana, na hapo hata umeze vipi haufunguki.

Kuna mhudumu mmoja aliyeniambia "vumilia kidogo" nilipoinua mkono. Mpaka leo sijamsamehe vizuri. Niligonga ukuta wa chemba hadi akasimamisha, akapunguza presha kidogo, sikio likazibuka. Jamani, kwa nini tunaona haya kusumbua watu wanaolipwa watuhudumie? Sikio ni lako! Paza sauti, gonga, inua mkono. Na wewe unayeficha mafua ili usikose kikao, unamdanganya nani? Mwambie daktari kabla mlango haujafungwa.

Usisinzie presha inapopanda. Inaposhuka, pumua kawaida, usizuie pumzi wala kubana pua.

Ukitoka na sikio lililoziba, mlio, kizunguzungu au damu, sema siku hiyohiyo, kabla ya kikao kingine. Na kesho, dada, kabla hujalala kwenye kile kitanda, kubaliana na mhudumu ishara moja ya "simamisha", kisha mwombe apandishe presha polepole.