Mbona Picha za Dadangu Zinang'aa na Zangu Zimepauka?

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Dadangu anafanya kazi Keswick huko Uingereza, ile sehemu ya maziwa na milima wanaita Lake District, na kila siku akitoka kutembea lazima atutumie picha kwa grupu ya familia, mara ziwa Derwentwater mara milima, zinapendeza hadi mama anaonyesha majirani. Mimi nikipata ofu naenda Longonot na vijana wa kanisa, lakini zangu mbingu inatoka nyeupe pe, mlima kama umemwagiwa unga. Simu si mbaya. Shida iko wapi? Msomaji, Umoja.

JIBU: Ndugu yangu, simu yako haina makosa, na mlima wako hauna deni kwa mtu. Scafell Pike, mlima wa huko huko kwa dadako na mrefu kuliko yote England, ni mita 978 tu, na Longonot ni 2,776. Shida ni jua. Kwa dadako ni kaskazini sana, Desemba hata saa 6 mchana jua liko chini pale karibu na vilima, kwa hivyo vivuli ni virefu siku nzima na kila ukuta wa mawe unaonekana vizuri. Sisi tuko karibu na ikweta, linachomoza saa 12 na nusu hivi na kufika saa 4 lishapanda, vivuli vimefupika, alafu ongeza lile vumbi la Bonde la Ufa. Na najua hizi safari za kanisa, basi linangoja watu mpaka saa 3, ukitoa simu kule juu ni saa 7, na saa hiyo hata kamera ya laki 3 haikusaidii sana.

Ongea nao mtoke Nairobi kukiwa bado giza, mngoje geti lifunguliwe. Ukifika ukingoni mwa kreta, lile shimo kubwa la volkano kule juu, mapema jua liko mgongoni na Ziwa Naivasha liko mbele yako kule chini, yaani utashangaa. Usipige haraka. Gusa mbingu kwa skrini, simu nyingi zinaleta kajua kadogo pembeni, kavute chini polepole mpaka mawingu yarudi. Mlima utaingia giza kidogo, sawa tu, giza unaweza kulipunguza baadaye lakini nyeupe iliyoungua hairudi tena. Mweke mtu kwa ukingo pia, bila mtu ukubwa wa kreta hauonekani kabisa. Na ukituma WhatsApp chagua HD, maana inabana picha.

Hizo siku zingine panda kwa paa la ploti asubuhi kabla ya kazi. Kukiwa wazi vilima vya Ngong vinaonekana, piga hapo hapo kila siku, tuma moja tu, si kumi.

Mkienda tena Longonot nitumie mbili, ya kabla ya saa 2 asubuhi na ya saa 7 mchana, tuziweke hapa wenzako wazione.