Kabla hujachagua kamba na fundo la kushukia korongoni

Wadogo zangu mnaoanza kujifunza kushuka makorongo kwa kamba, kila mnapopewa ushauri ulizeni kwanza umezaliwa kwenye korongo la namna gani. Mafundisho mengi ya jimbo la Utah, Marekani, yalikulia katika nyufa za mawe ya mchanga ambazo mara nyingi ni kavu, ilhali yale ya Ufaransa na Hispania yalikulia ndani ya maji yanayokimbia. Sisi wa Bukavu, ambao mvua zetu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, tuna mengi zaidi ya kujifunza kwa hao wa pili.

Chukueni mfano wa fundo la msuguano linalofungwa chini ya kifaa cha kushukia ili mtu akiachia mkono asianguke. Penye ukavu linaokoa maisha. Chini ya maporomoko, mtu aliyenaswa huku maji yakimpiga usoni huenda asiweze kulilegeza kwa vidole vilivyokufa ganzi, akazama hali ananing'inia.

Nililielewa jambo hili siku ya mazoezi, kwenye mkaratusi mmoja mlimani. Shati la mwenzangu liliingia ndani ya kifaa chake cha namba nane, yaani chuma chenye umbo la 8 kinachopitishwa kamba, nasi tulikuwa tumeifunga kamba juu kwa fundo lisilofunguka likiwa na uzito. Tulihangaika zaidi ya dakika kumi kumshusha, na hapo alikuwa mkavu, anapumua vizuri. Tangu siku hiyo, penye maji ninaifunga kamba kwenye namba nane nyingine iliyoshikizwa juu kabisa, na ninabakiza huko akiba isiyopungua urefu wa poromoko, ili aliye juu aweze kumteremsha mara moja aliyekwama. Ncha ya chini naiacha iguse maji tu, kwa sababu kamba inayoelea bwawani huzonga miguu ya anayeogelea.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Msitumie kamba ya wapanda miamba inayovutika sana, kwani hupanda na kushuka juu ya ukingo wa jiwe na kujikata. Nailoni ikilowa huwa nzito na hupoteza sehemu ya nguvu zake, na fundo peke yake laweza kula theluthi nyingine. Ya mtumba msinunue hata ikionekana mpya, maana asidi ya betri huiharibu bila kuacha alama ya wazi. Kabla ya kila safari pitisheni kamba yote vidoleni, na popote inapojikunja kwa ulaini kuliko kwingine, ikateni hapo.